Mkurugenzi wa Majira Asema Bado ni Vuli

Kwa niaba ya Idara ya Majira na Utayari wa Barabara, ninayo furaha kuutangazia umma wa mji wetu wa Kuusivaara kwamba mwaka huu majira ya baridi yalianza kwa kufuata taratibu zote. Mimi ndiye Katibu wa Idara. Wanaosema yalianzia mtaroni wanapotosha: mtaro ule umo ndani ya mipaka ya halmashauri.

Zamani kila mwananchi alijiamulia. Huyu kafunga mapema matairi ya misumari, yale yenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu, yule kachelewa, vurugu tupu. Ndipo Mkurugenzi wetu, Bwana Torsti Hakkarainen, alipopiga marufuku kuandaa gari kwa baridi kabla Idara haijafunga vuli na kutangaza baridi yenyewe. Kufunga misumari, kutia maji yasiyoganda ya kuoshea kioo, hata kupaka mafuta mipira ya milango isigandiane, vyote vikaitwa uchochezi wa msimu. Na baridi ikishatangazwa, gari la matairi ya kiangazi, yasiyo na misumari, lisionekane barabarani.

Theluji ikaanguka. Tukaitisha kikao. Mkurugenzi alichungulia dirishani, akatafakari, akasema, "Ile ni mvua nyeupe."

Nikautaarifu umma: mvua nyeupe, ya muda, isiyo na madhara.

Huko mitaani magari yakawa yanacheza rumba. Basi la shule liligeuka lenyewe, likabaki linatazama lilikotoka. Idara iliita hali hiyo mwelekeo mbadala.

Sasa kuna mama mmoja, Raili Purontaka, ambaye kwa gari lake dogo huwapelekea wazee wa kilimani chakula cha mchana. Alipoponea chupuchupu kuingia mtoni, alisimama mbele ya kanisa mchana kweupe, akapiga jeki, akafunga matairi ya misumari huku watu wakimshangilia. Tukamwita ofisini.

"Mama, umekiuka vuli," Mkurugenzi alimwambia.

"Vuli gani, bosi? Masharubu yako yenyewe yana barafu!"

"Hilo ni suala binafsi."

"Kule juu kuna Mzee Onni, hawezi hata kushuka ngazi. Nisipofika atakula nini? Tangazo lako?"

Mkurugenzi alisimama, uso umemwiva. "Leo chakula nitapeleka mimi. Kwa matairi ya kiangazi. Katibu, beba supu!"

Milango ya gari lake ilikuwa imegandiana, ikagoma kufunguka. Tuliingia kupitia buti, kwa heshima zote, mimi nikiwa nimekumbatia sufuria la Mama Raili la supu ya samaki. Gari lilikohoa, likawaka. Kwenye kona ya kwanza kioo kilikuwa na ukungu, Mkurugenzi akabonyeza maji ya kuoshea. Yalikuwa maji ya bomba. Yaliruka, yakatua kiooni, yakaganda papo hapo kama pazia.

"Sioni," alisema kwa utulivu wa kiuongozi.

"Hata mimi, Bwana Mkurugenzi."

"Vizuri. Tunakubaliana."

Gari liliacha barabara bila haraka, likazunguka, likajilaza mtaroni. Theluji iliziba milango, na buti ikazama. Betri ikakata roho, hita nayo ikanyamaza. Simu yangu ililia. Alikuwa Mzee Onni, aliyepewa namba yangu na Mama Raili.

"Supu yangu iko wapi?"

"Iko katika hatua za mwisho za utekelezaji, mzee."

Pumzi zetu zilianza kuganda kwenye vioo. Nilimtazama Mkurugenzi, amevaa viatu vyembamba vya ofisini, midomo inatetemeka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kidogo, kwa kufuata ngazi za kiutawala.

Ndipo kioo kikagongwa. Alikuwa Mama Raili, aliyetufuata kwa gari lake, pamoja na Sajini Helka Nivala wa polisi.

"Tuvute!" Mkurugenzi alipiga kelele.

"Ningekuvuta, bosi, ila matairi yangu ni uchochezi."

"Nakupa kibali maalumu!"

"Sitaki upendeleo. Tangaza kwa wote."

"Haiwezekani bila kikao!"

Nikamkumbusha, meno yakigongana, kwamba mwenyekiti na katibu ni akidi. Akatoa hoja. Nikaunga mkono kabla hajamaliza.

"Kuanzia sasa," alinguruma nyuma ya kioo, "ni baridi!"

Raili alifunga kamba, misumari ikauma barafu, na kufumba na kufumbua tukawa barabarani. Alinipokonya sufuria, akaondoka zake kilimani. Sajini alibaki. Aliinama, akayakagua magurudumu yetu.

"Hongera kwa baridi, Bwana Mkurugenzi. Kwa amri yako mwenyewe, gari la matairi ya kiangazi haliruhusiwi barabarani wakati wa baridi. Naomba funguo."

Kufika jioni mji mzima ulikuwa umejipanga gereji, na fundi akampa Mkurugenzi nafasi ya baada ya Krismasi.

Kwa hiyo siku hizi huenda kazini kwa lifti ya Mama Raili, amebanwa katikati ya masufuria, na gari hilo halifiki ofisini kabla wazee wote hawajala. Kugawa supu anagawa yeye Mkurugenzi. Idara inaliita jambo hilo uongozi wa karibu na wananchi.

Juzi Bibi Siviä, mmoja wa wazee wa kilimani, alionja supu, akamtazama Mkurugenzi kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe kijana, mjini unafanya kazi gani?"

"Mimi ni Mkurugenzi wa Majira, bibi."

"Ahaa! Basi ngazi zangu zimejaa majira. Koleo la theluji hilo hapo, nyuma ya mlango."