Kome Ambao Hawajaiona Bahari

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeficha jambo miaka miwili. Dawa ya kome wa baharini ninayouza haijawahi hata kuiona bahari. Ni magamba ya konokono wa ziwani, yale ya kuchanganyia chakula cha kuku. Natwanga mwenyewe. Daktari anasema moyo umechoka, nijiandae. Lazima nitubu kwa mke wangu, Mwanabaraka, anayeinywa kwa ajili ya mgongo. Kesho.

Jumanne, 15 Julai
Sikutubu. Alikuja mteja kutoka Mtinko, goti limevimba. Nikamfundisha kama zamani darasani: kome hawa ni wavamizi, wanahamia bahari za watu wakiwa wameng'ang'ania meli, wataalamu wanachunguza gundi yao ifunge vidonda, magamba yao yaunge mifupa. Yote nimeyasoma! Uongo umo kwenye kopo tu. Kachukua makopo mawili.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Kurji, mwenye duka la vyakula vya mifugo, kabandika meno yake ya bandia kwa gundi ya kome niliyomuuzia, "inayoshika hata majini". Ni uji wa ngano. Meno yamedondokea kwenye chai, mbele ya wakwe. Amekuja kibogoyo, ananirushia mate. Kauliza gunia la magamba ninalonunua kwake kila mwezi linaliwa na nani, na kuku wangu ni watatu. Nikajibu wana hamu ya kula. Amenipa mpaka Ijumaa: nisipomwambia Mwanabaraka, shemeji yake, atamwambia mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai
Nimetubu. Kitandani, kwa sauti ya mtu anayekata roho. Niliizidisha kidogo. Mwanabaraka kacheka mpaka akakaa sakafuni. Kasema, "Mwalimu, mimi naijua tangu kopo la kwanza! Nawapa kuku. Ulidhani maganda ya mayai yetu yamekuwa magumu kwa dua?" Miaka miwili ananidanganya! Ndoa gani hii? Sikulala.

Jumamosi, 19 Julai
Limebaki moja, sijamwambia mtu. Vidonge vya moyo nilivyopewa hospitali viko mvunguni tangu Mei. Sijafungua hata pakiti. Kila asubuhi nakunywa unga wangu, vijiko viwili. Nilifundisha wateja mpaka nikaamini mwenyewe. Moyo haujapona, na leo nimeligundua kosa.
Vijiko vilitakiwa vitatu.