Atomi Zinazonitii Mimi Tu

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Profesa katutangazia kwamba kuanzia mwezi ujao maabara itabaki na msaidizi mmoja tu. Wasaidizi tuko wawili: mimi na Rula. Rula si jina lake, ila huyo dada hupima kila kitu, hata sukari ya chai huisawazisha kwenye kijiko kabla ya kuimimina. Nikikosa nafasi, narudi dukani kwa mjomba kuuza magodoro. Mjomba kaniwekea kiti tayari.

Sitaki magodoro! Naipenda kazi hii, naipenda kweli. Tunazipiga atomi kwa miale ya leza kutoka kila upande mpaka zinapunguza mbio, zinapoa kuliko barafu yoyote, zinajikusanya katikati ya chemba isiyo na hewa. Kwenye skrini zinaonekana doa jeupe. Siku moja doa hilo litaongoza saa isiyokosea kamwe. (Leo mimi nimechelewa kazini. Foleni ya magari.)

Tatizo ni kwamba doa halitulii. Kila tukifika hatua ya mwisho ya kulipoza, linateleza pembeni, linapotea. Profesa hana usingizi. Sasa wakaguzi wa wafadhili wetu wanakuja Alhamisi kulitazama.

Jumanne, 4 Juni

Muujiza! Nilikuwa nimeinama juu ya chemba nachungulia, Rula yuko kwenye skrini, mara akapiga ukelele kwamba doa limetulia. Nikasimama wima: likatoroka. Nikainama tena: tuli! Rula naye akaja kuinama. Wapi! Atomi hazikumjali hata kidogo.

Anasema lazima kuna sababu. Mimi sababu naijua: ni nyota yangu. Bibi alishasema mkono wangu una baraka, japo siku ile alikuwa anazungumzia kuku wa kutaga. Nikaenda kumwarifu Profesa, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba mashine imenizoea. Akanitazama juu ya miwani, akasema fizikia haina mambo ya kuzoeana. Sawa, mama Profesa. Tutaonana Alhamisi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi bado sijasifiwa, kwa hiyo niko salama.

Jumatano, 5 Juni

Rula ameanza uchokozi. Anataka niinamie chemba huku navua kitu kimoja kimoja, ajue ni kipi kinachozituliza atomi. Mjanja! Akishajua, mtu yeyote ataweza, na mimi moja kwa moja kwenye magodoro. Nikavua viatu. Doa tuli. Nikavua mkanda. Tuli. Akaomba nitoe vilivyomo mfukoni mwa shati. Hapo nikashikwa na kikohozi kikali sana, nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani bila viatu. Nikarudi kuvichukua. Kikohozi nacho kikarudi.

Jioni nimejiandaa kama bwana harusi. Shati jipya, limepigwa pasi mpaka kola inakata. Kava la simu, lile la ngozi linalojifunga lenyewe kwa sumaku, nimempa mdogo wangu wa kike, msusi wa nywele. Limechakaa, na mtu wa hadhi yangu hawezi kuinama mbele ya wakaguzi na kava la namna ile mfukoni. Kashangaa, maana sijawahi kumpa kitu. Roho ya ukarimu imenijia.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu!

Wakaguzi watatu, Profesa, Rula. Nikatangaza kwamba sasa watashuhudia. Nikainama. Doa likateleza, likapotea. Nikainama zaidi. Nikainama upande. Nikazibembeleza atomi kwa maneno matamu, kwa sauti ya chini, lakini chumba kile kina mwangwi. Profesa akafumba macho. Nikaanza kusikia harufu ya magodoro mapya.

Mara mlango ukagongwa. Mdogo wangu, yule msusi, kaniletea funguo za nyumbani nilizosahau. Simu mkononi. Akaniuliza mbona nimeinama hivyo, kaka, tumbo linauma? Akasogea kuchungulia chemba. Doa tuli!

Mkaguzi mkuu akaruka kitini. Akamuuliza binti kasomea atomi chuo gani. Akajibu kwamba yeye anasuka nywele, na mteja kamwacha kichwa nusu. Mkaguzi akauliza kama anaweza kuajiriwa. Ningezimia, lakini nafasi ya kuangukia haikuwepo.

Rula hakucheka. Akaiomba simu, akavua kava, akalipeleka karibu na chemba, akalirudisha nyuma. Doa likawa linatii kava. Sumaku! Kumbe koili ya waya inayoizunguka chemba ili kufuta usumaku uliomo chumbani ilifungwa kinyume, ikawa inauongeza, na kava langu lilikuwa linaipunguzia makali. Aliyeifunga koili? Profesa mwenyewe. Akacheka mpaka akavua miwani. Rula akageuza nyaya mbili, sote tukakaa mbali, na doa likatulia bila mtu wala kava. Zuri! Dogo, jeupe, kimya.

Wakaguzi wamefurahi mno. Wasaidizi wote wawili tunabaki! Nikaingia chooni, nikalia kidogo kwa raha. Nikampigia mjomba, nikamwambia kile kiti akalie mwingine. Nimepumua, jamani, nimepumua!

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi Profesa aliniuliza kwa upole kama kweli sikuhisi kabisa kwamba ni sumaku. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia nilihisi tangu Jumanne, ila nilimwachia Rula agundue mwenyewe, apate moyo.

Profesa akafurahi. Akasema kwa kuwa naijua mada vizuri hivyo, Jumatatu niwafundishe wanafunzi wapya somo zima: sumaku, leza na atomi. Asubuhi mpaka mchana. Na maswali.

Rula aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Halafu, kwa huruma, akajitolea kunielekeza Jumamosi na Jumapili yote. Nikamshukuru, nikamwambia sina haja.

Nina mpango. Jumapili jioni sauti itanikauka.