Tairi Nne za Safari ya Mama Salome

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kikao cha kumuaga Mama Salome, zahanati ya Kerende, saa tisa alasiri. Mkunga wetu kwa miaka thelathini na miwili. Anastaafu! Jumamosi tunamsindikiza kwao Mugumu. Swali likawa moja: atapanda nini?

Erasto akasimama. Huyu ni afisa kilimo wa kata, mtu wa Susuni, ana Probox nyeupe inayobeba mbegu, mbolea na mara nyingine mbuzi. Akasema Probox ipo. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona hatari. Miaka sita iliyopita nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Rombo, sijui hata njia ya kisimani. Mama huyu alivuka kijito kilichofurika, maji kiunoni, begi kichwani, akaja kumzalisha mke wangu Theodosia. Binti yetu tukamwita Salome. Leo mama huyo aondoke amezungukwa na harufu ya mbolea? Hapana!

Nikasimama. Nikatamka kwamba atapanda gari langu. Makofi! Vigelegele! Mama mwenyewe akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Gari langu ni la Kijerumani. Nililinunua kwa mkandarasi wa mgodini aliyekuwa anahama kwa haraka. Refu kama la mbugani, lakini injini ya mashindano. Viti vinapasha joto makalio. Rimu za inchi ishirini na moja! Hakuna jingine kama hilo kutoka hapa mpaka Sirari.

Jambo dogo tu. Tairi zimeisha. Niliporudi Theodosia akauliza kama nimekiambia kikao kwamba gari halijatoka uani tangu Agosti. Nikamjibu hawakuuliza.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemleta Nchagwa, fundi tairi wa Nyangoto. Akachuchumaa. Akapitisha kiganja juu ya tairi, laini kama kichwa cha mtoto. Akanionyesha upande wa ndani, waya zimechomoza kama ndevu. Kisha akasoma namba za ubavuni: 295/35, rimu 21. Akasoma tena. Akacheka mpaka akakaa chini.

Anasema anazo za lori, za Noah, za bodaboda, za trekta, hata za toroli. Za kwangu, nyembamba kama chapati iliyozungushiwa sinia, hana na hajawahi kuwa nazo.

Nikamweleza kuwa hata hivyo sitaki tairi ya hivihivi. Nataka ya misimu yote. Nimesoma kwenye simu jioni nzima. Mpira usiokakamaa kwa baridi wala kulegea kwa joto, mifereji ya kutolea maji, na herufi M na S ubavuni, maana yake tope na theluji. Nchagwa akauliza theluji ya wapi. Nikamkumbusha mimi ni mwalimu wa jiografia. Akasema kwa jiografia yake hapa kuna misimu miwili, tope na vumbi, na yote miwili ina mawe.

Nimepiga simu. Mwanza wanazo mbili. Dar es Salaam nne, zitafika baada ya wiki tatu. Arusha walidhani natania. Zimebaki siku nne!

Jumatano, 6 Novemba

Wazo! Pikapu ya shule. Tairi zake zina meno kama ya mamba. Ninaazima Jumamosi, ninarudisha Jumapili, nani atajua?

Saa kumi, wenzangu wakiwa kwenye kikao cha mitihani, nikapeleka jeki na spana. Nikafungua gurudumu la kwanza, nikalibingirisha mpaka kwangu, nyumba ya tatu kutoka shuleni. Matundu sita! La kwangu matano. Nchagwa akapita na pikipiki yake, akaongeza bila kuulizwa kwamba hata yangelingana, rimu ile isingeingia, kwa sababu breki zangu ni kubwa kama sufuria la ugali wa shule.

Nikalirudisha mbio. Nikamkuta mkuu wa shule, Mwalimu Mogesi, ameinama kando ya pikapu yenye magurudumu matatu. Nikasema nalikagua. Akaguswa. Akasema walimu wenye moyo wa kujitolea wamekuwa adimu. Akaniomba nikague na yaliyobaki, kisha niyaoshe. Nimemaliza jua likizama. Mgongo wote moto.

Alhamisi, 7 Novemba

Ruhusa ya jino. Jino halina neno, lakini Mwalimu Mogesi alinipa pole kwa namna iliyonitia aibu mpaka likaanza kuuma kweli.

Nikaenda Sirari. Dalali anaitwa Joram, ana ghala la mabati nyuma ya maduka ya vitenge. Akafunua turubai. Nne! Saizi yangu kabisa!

“Buda, hizi ni ol-sizon, za misimu yote,” alisema Joram. “Huko majuu wanapita nazo kwa snow. Hiki kitope chenu ni mkeka tu.”

Nilikagua kitaalamu. Herufi M na S zipo, nyeupe, kubwa, mtu anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Za kwenye simu zilikuwa ndogo, zimejificha. Mifereji ina kina kizuri, ingawa haifanani kati ya tairi na tairi. Nikauliza. Joram akasema ndivyo zinavyoundwa, kila moja inashughulikia msimu wake. Sikulijua hilo! Mtu hasomi akamaliza.

Nimesafiri kwa bodaboda mpaka Tarime mjini, mbili zimefungwa nyuma, mbili nimezivaa kiunoni. Stendi wakanipigia miluzi. Na nani ananikuta pale, nimesimama kama mdudu kwenye gamba? Erasto! Anatoka kuchukua dawa za mahindi. Akashuka, akazipakia zote nne mwenyewe, akaniambia nikae mbele. Njiani akauliza ni za nini. Ningemwambia gari langu halina tairi? Nikasema ni za uwanja wa michezo wa watoto, shule ya msingi anakofundisha Theodosia. Kisha akasema wanawe wawili wanasoma pale, na kwamba alikuwa ananifikiria vibaya, nimsamehe.

Nilitazama dirishani mpaka tukafika.

Ijumaa, 8 Novemba

Theodosia amerudi saa nane, amenyooka kama mlingoti wa bendera. Erasto ametangaza shuleni habari ya tairi. Mke wangu amepongezwa mbele ya shule nzima kwa zawadi ya mume wake. Watoto wameimba. Akauliza, kwa utulivu ambao siupendi, tairi ziko wapi.

Nikafikiri haraka. Ninampa zile za zamani! Watoto hawahitaji mifereji. Nikajisifu kimoyomoyo: uongo mmoja umegeuka msaada.

Nchagwa amefunga mpya. Alipozifuta vumbi, M ikabaki kwenye kitambaa. Akafuta tena, S ikafuata. Akaingiza kidole kwenye mfereji, akanusa. Safari hii hakucheka.

“Mwalimu,” alisema, “hii imechongwa kwa kisu cha moto. Kazi hii naijua, niliwahi kuifanya nikiwa sina akili. Tairi limezeeka, limekauka ndani. Mama mpandishe kwa Erasto.”

Nikamwambia asiwe na wivu. Akakusanya spana zake.

Baadaye nilikaa kizingitini. Mvua ikaanza. Neno lake likawa linanitafuna. Nikavaa buti, nikaenda kwa Erasto, nimeazimia kabisa kusema ukweli. Nimemkuta Probox yake ameing'oa viti, anaisugua sakafu kwa sabuni, mazulia yameanikwa barazani, mkewe anashona vitambaa vya viti. Akasema anajua mama atapanda gari zuri, ila yeye atabeba vyakula, na chakula nacho kinahitaji pasafi. Nikafungua mdomo. Nikaomba sabuni. Akanipa kipande kizima.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa Mugumu, kwenye kochi la wenyewe.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Gari linang'aa. Akina mama wa Kerende wamejipanga mistari miwili na matawi mikononi, nyimbo za Kikurya, vumbi limetulia kwa mvua ya jana. Mama Salome akatoka na kitenge cha bluu. Nikampa shikamoo, nikamfungulia mlango, nikamwashia kiti. Akashtuka! Akauliza kama amekalia jiko. Kisha akacheka, akajiegemeza, akafumba macho.

Daraja la Mto Mara tukalivuka kwa fahari. Nikaanza kuamini kuwa Nchagwa ni mtu wa roho mbaya.

Kilomita chache mbele, kwenye mteremko wa udongo mweusi, tairi la mbele kushoto likaanza kupiga makofi. Nikaongeza sauti ya redio. Mama akaizima. Kisha ukanda mzima wa mpira ukabanduka, ukaruka juu ya boneti, ukatua shambani kwa mtu. Gari likazunguka taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, likaingia mtaroni ubavu ubavu. Kimya. Kulia nako kukalia pssss.

Mikono yangu haikutaka kuachia usukani. Mama Salome hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo. Miaka thelathini na miwili ya kazi, hata leo!

“Pumua, mwanangu,” alisema. “Hakuna aliyeumia. Pumua tena.”

Nikamwambia yote. M na S, pikapu, jino, uwanja wa michezo. Nililia, sioni sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema amewafuata wajawazito kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe, mara moja mgongoni kwa mwanaume aliyekuwa amelewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpashia kiti. Alitaka nijue kuwa amefurahi tangu Kerende mpaka hapa mtaroni. Kisha akabadili sauti, ile ya kuwaambia wazazi wasukume. Akasema nikimpandisha tena mtu kwenye tairi ninalolijua bovu, atarudi kutoka Mugumu kwa miguu kuja kunichapa.

Erasto alikuwa nyuma yetu. Alishusha masufuria ya pilau na ndizi, akatandika kitambaa cha mkewe, akampandisha mama. Aliponipita alinibonyeza bega. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Nikabaki na masufuria. Saa mbili nzima kando ya barabara, nafukuza mbwa na kujibu salamu. Mwisho mzee Nyangwine, mwenye shamba ulikoangukia ule mpira, akaja na trekta kuuliza ni mali ya nani. Karibu nimwangukie miguuni. Tukapakia pilau kwenye tela, nami juu yake.

Tuliingia Mugumu saa kumi. Hotuba zimeisha, wageni mia na zaidi wamekaa na njaa yao. Walipoona trekta, walisimama wote! Vigelegele! Wanaume wakanibeba mabegani. Mama Salome alicheka mpaka Erasto akamshikia kiti.

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudi Kerende ndani ya Probox, gari langu bado liko mtaroni. Inanukia sabuni. Njiani nilimwambia Erasto ukweli wa zile tairi za watoto. Akasema alijua tangu stendi, hakuna mtu anayevaa bembea kiunoni. Tukacheka wote. Mtu mwema sana, nakiri.

Joram hapatikani kwenye simu. Huenda amefiwa.

Mchana Theodosia alinikalisha. Akauliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwa unyoofu: nimejifunza kwamba mama yule ananipenda, kwamba Nchagwa ni fundi wa kweli, na kwamba nisicheze na usalama wa watu. Akanitazama kwa upole. Akaniongezea chai.

Nilipokuwa nainywa nikapata utulivu wa kufikiri vizuri. Tatizo letu sote lilikuwa tunalaumu tairi. Tairi lilifanya lililoweza! Kosa ni rimu. Inchi ishirini na moja ni ndogo mno kwa tope lile jeusi, gurudumu linazama kabla halijajua liko wapi. Nimetafuta kwenye simu. Kuna mtu Musoma ana rimu za inchi ishirini na tatu, na tairi zake juu, anasema zinafaa jangwani, baharini na misimu yote. Picha haionekani vizuri, ila herufi nimeziona. Kubwa. Za njano!

Kesho naomba ruhusa. Mwalimu Mogesi ameshauri jino ling'olewe kabisa, kwa hiyo nitasema ni jicho.