Bodi Nyepesi ya Mzee Kofia

Injinia alikuwa mhandisi kwa kadiri ya kalamu zilizosimama mfukoni mwa shati lake, na asubuhi ile zilikuwa tatu. Alikuwa amekaa kwa mwosha magari, akisubiri riziki ya watu wengine, ilipoingia pikapu nyeupe yenye matairi mapya. Mwenyewe, mzee mrefu aliyevaa kofia ya pama, alianza kubishana kwamba matairi yaoshwe bure, kwa kuwa yakizunguka yanajisafisha yenyewe.

Injinia alitabasamu. Kwake yeye, mpenda vya bure alikuwa mlango ulioachwa wazi na taa ikiwaka ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gari kama hili kubeba hewa tupu mgongoni, si haki."

"Ulitaka libebe nini?"

"Chumba. Kitanda, jiko, kabati, vyote. Linapanda mlima, linavuka mto, wewe umelala ndani. Kuta zake si chuma wala mbao. Ni fibaglasi, ngozi mbili ngumu na povu katikati, kama biskuti yenye krimu. Ukuta mzima unauinua kwa mkono mmoja."

"Bei?"

"Bure, mzee. Nataka gari moja la kuonyesha watu kazi yangu. Nikimaliza, unipe ufunguo na kadi ya gari nikabadilishe usajili. Basi."

Mzee Kofia alisita kidogo, kwa ajili ya heshima tu. "Sawa. Lakini kadi utaiona siku nitakayoiona bodi, hicho chumba chako, imekaa juu ya gari. Mimi sikuzaliwa jana."

Ndipo Injinia alipolazimika kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: kutengeneza kitu. Alipiga moyo konde. Pikapu ile ingeuzwa mara kumi ya gharama ya paneli za kuta hizo, na akili yake, iliyokuwa mbovu katika mambo mengine, kwa kuzidisha ilikuwa safi.

Fundi alimpata kwenye ujia wa nyumba ya kupanga, akiziba tangi la maji lililopasuka. Watu walimwita Mama Pacha, na ushahidi wenyewe ulikuwa umekaa ndani ya beseni, unagombania kijiko. Kazi alijifunza kwenye karakana ya bodi za malori ya barafu, kabla haijafungwa. Sasa mwenye nyumba alikuwa amechoka na harufu ya gundi. Mwisho wa mwezi ama gundi itoke, ama yeye na wanawe.

"Nijengee bodi hii moja," Injinia alimwambia, "na banda nililokodi utaliendesha wewe. Hata mkataba nimeandika jina lako. Miezi sita imeshalipwa."

"Jina langu mimi?"

"Kwani umeona jina la nani?"

Mama Pacha aliusoma mkataba ule mara mbili, akageuza uso na kujifuta macho kwa mkono wenye vumbi la msasa. Kesho yake alfajiri alikuwa bandani.

Alikata paneli kwa msumeno wa meno madogo, akazikwaruza kingo, akaziunga kwa gundi na kuzibana pembeni. Msumari hakuugusa, maana kwake msumari ulikuwa ufa unaosubiri siku yake. Kisha aligonga kila ukuta kwa sarafu, sikio limeegemea. Palipolia mfu, povu halijashikana na ngozi, na alirudia. Adhuhuri, mabati ya banda yakiwaka moto, aliwalaza mapacha ndani ya bodi, na wakalala kama wamewekwa kivulini.

Mzee Kofia, aliyeiacha pikapu bandani lakini ufunguo akabaki nao, alikuja kila jioni kukagua, na kila jioni alikuja na ombi.

"Binti yangu, nataka nisimame humu na kofia yangu kichwani. Paa lipande vidole vinne."

"Nitapima nikujibu, baba."

Alikuwa ameshapima kila kitu, mlango wa banda ukiwemo, na jibu lilikuwa hapana.

Jibu lilibadilika kesho yake mchana. Mama Pacha alikuwa chali ndani ya bodi, anaziba kona, mapacha wamelala miguuni pake. Dirisha lilikuwa bado tundu tupu, na nje yake Injinia alikuwa akizungumza kwa simu.

"Nyeupe, haina mkwaruzo. Ijumaa saa nne, na kadi yake. Bodi nakuongezea bure... Wakitafuta? Banda lina jina la mwanamke mmoja hivi. Watamuuliza yeye."

Gundi ilimdondokea kifundoni mwa mkono, hakuifuta. Aliwatazama wanawe. Polisi wangekuja, wangekuta jina moja tu, na jina lenyewe lina watoto wawili wadogo.

Jioni ile alimjibu Mzee Kofia. "Paa litapanda, baba. Vidole vinne kamili."

"Umeona?" Injinia alimwambia mzee kwa fahari. "Kwetu mteja ni mfalme."

Ijumaa asubuhi Mzee Kofia aliingia ndani ya bodi, akasimama na kofia yake, akazunguka mara mbili. Alitoa ufunguo na kadi, akaenda nyumbani kuwaita majirani wajiandae kutazama.

Injinia aliwasha gari, akarudi nyuma taratibu, akasikia kitu kimegusa.

"Nini hicho?"

"Boriti ya mlango," alisema Mama Pacha. "Bodi imeizidi vidole vinne."

"Ina maana hukupima?"

"Nilipima."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye mhandisi."

Injinia alitazama saa. "Kata paa."

"Likikatwa litaonekana, na povu litakunywa maji. Tutoe upepo kwenye matairi."

Matairi yalipumua, gari likashuka vidole viwili. Vilibaki viwili.

"Springi zinahitaji mzigo," alisema Mama Pacha kwa masikitiko ya kitaalamu. "Tatizo, bodi ni nyepesi mno."

Kwa hiyo Injinia alivua koti, kadi ikiwa mfukoni mwake, akalitupa kwenye kiti cha mbele, akaanza kubeba matofali ya saruji kutoka nyuma ya banda. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali, na mwili wake uliipinga tofali kwa tofali. Kufika la thelathini, kalamu moja ilipasuka ikamchora ziwa la bluu kifuani.

"Bado kidogo tu," alisema Mama Pacha akichungulia boriti. "Ingia na wewe, ulale chini. Mimi ni mwepesi kama kuku. Nitalitoa gari mlangoni tu, kisha usukani ni wako."

Saa ilikuwa tatu na nusu. Injinia aliingia, akalala juu ya matofali. Mama Pacha alifunga mlango; dirisha lilikuwa limeshatiwa kioo kisichofunguka. Kitasa cha ndani kilikuwa bado dukani, kwa sababu Injinia mwenyewe alisema kinagharimu sana.

Pikapu ilipita chini ya boriti kama barua chini ya mlango. Mapacha walipanda mbele, wakakalia koti. Ng'ambo ya barabara, fundi wa matairi alijaza upepo.

"Mama, kuna kitu kinagonga huko nyuma."

"Hakijakaa sawa bado. Kitatulia."

Tundu la hewa la paani alikuwa ameliacha wazi, kwani hakuwa mtu mbaya.

Kwa Mzee Kofia majirani walikuwa wamejipanga langoni. Mama Pacha alitoa kadi kwenye koti, akaipokeza kwa mikono miwili.

"Kadi yako, baba. Usajili mtu huenda mwenyewe, asitume."

"Na ile bure?" Mzee aliuliza haraka.

"Bure ni bure. Injinia ameshagharamia yote."

Majirani wawili walikuwa tayari wanagonga kuta na kuuliza bei. Mama Pacha aliwaelekeza bandani, wafike Jumatatu, waulize jina lake tu. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

Injinia alijitokeza mlangoni kwa magoti, saruji nyweleni, bluu kifuani. Aliitazama kadi mkononi mwa mzee.

"Na huyu ni nani?" jirani mmoja aliuliza.

"Huyo ni uzito," alisema Mama Pacha. "Tulikuwa tunajaribu kama springi zitastahimili."

Mzee Kofia alimpima Injinia kwa macho, juu mpaka chini, akaridhika.

"Zimestahimili," alisema. "Basi ateremke, na matofali yake."