Malalamiko Juu ya Piano Iliyofika Bila Mkwaruzo

Kwa Meneja,
Ofisi ya Usafirishaji wa Mizigo Mizito.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mtu aliyedhulumiwa na lori lako. Mimi ni mjomba wa yule binti mwalimu wa muziki aliyehamia mji wa mbali, ambaye juzi mlimsafirishia piano yake kutoka hapa kwangu. Shule sikwenda mbali, lakini waliokwenda mbali wakitaka kuhama huniita mimi. Niliwahi kufunga kinanda cha bendi kwa magodoro na kamba ya katani. Lori likapinduka, dereva akapoteza jino, kinanda kikashuka sauti imekaa sawa kuliko kilivyopanda. Muulize yeyote, isipokuwa dereva.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lori lilikuja saa ileile mliyosema. Ndugu Meneja, ustaarabu gani huu? Mimi nilijipangia kuchelewa kwenu. Chai sijamaliza, magodoro bado yako vitandani, na moja mke wangu alikuwa amelilalia.

2. Watu wako walifanya kazi kimyakimya. Piano inanyanyuliwa na hakuna hata mmoja wa kupiga kelele, "Haya, kwa pamoja!" Waliivika mablanketi, wakaizungushia nailoni, wakaipandisha kwenye ubao wa magurudumu, ikatoka mlangoni kama mgeni aliyeshiba. Wakaifunga kwa mikanda ubavuni mwa lori, basi. Majirani hata pazia hawakufunua. Nilipoanza kutoa maelekezo, yule msimamizi wenu, mama wa ovaroli, aliniambia, "Mzee wangu, samahani, naomba ukae pale tusije tukakuumiza." Nikaletewa kiti. Mimi! Kunipa mimi kiti mbele ya mzigo ni sawa na kumpa samaki taulo.

3. Hili ndilo kubwa: piano imefika salama. Mpwa wangu alipopiga simu kusema haina hata mkwaruzo, nyumba nzima ilisema, "Kumbe!" Hiyo "kumbe" si neno dogo, Ndugu Meneja. Miaka yote nimewaeleza kwamba chombo kizito lazima kiache kitu njiani, ndiyo ada ya safari. Sasa mke wangu analitazama kabati letu lisilo na mguu kwa jicho jipya, kisha ananitazama mimi.

4. Kwa kuwa piano haikuhitaji mtu wa kuishikilia, nafasi yangu kwenye lori ikafutwa. Nami nilishatangaza kwa kinyozi kwamba naisindikiza mpaka ukumbini, mpwa wangu apige kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa huko. Mtoto huyu alianza kupiga piano miguu ikiwa haifikii makanyagio. Mimi ndiye niliyelala chini ya piano nikiyakandamiza kwa mikono, yeye juu ananiamuru, "Mjomba, sasa!" Leo niende kama nani? Sifungi, sifungui, sibebi. Mtu hafiki mikono mitupu, na mzigo wangu ninyi mmeutanguliza.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Ama piano irudishwe, isafirishwe upya kwa utaratibu wangu wa magodoro. Ama, kama hilo ni zito, dereva akipita huko aikwaruze kidogo upande wa nyuma, mkwaruzo wa heshima tu, wa kutosha mtu kusema, "Aitwe Mjomba." Mkishindwa yote mawili, nitawashitaki kwa kosa la uangalifu.

Nisalimie makarani wote, dereva, na fundi wenu wa breki, ambaye inaonekana naye anafanya kazi yake. Mama wa ovaroli mpe salamu, ila zisizidi.

Wako katika uzito,
Mjomba,
Mfungaji Mkuu wa Vyombo Vizito.

N.B. Kabla sijabandika bahasha, mpwa wangu amepiga simu tena. Amesema, "Mjomba, piano naiona, wewe sikuoni. Siigusi mpaka uingie." Sikumwuliza nije na nini. Basi mkwaruzo uache, na kesi nimeifuta. Naondoka kesho asubuhi. Ila yule mama wa ovaroli, kama yuko karibu, apite hapa nyumbani na mikanda yake. Sanduku langu la nguo kila nikisimama linafunguka. Maneno haya nayaandika nikiwa nimelikalia.