Kumfuta Joel

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu ya Bibi Elinipa, kule Nkoaranga. Baada ya chakula Baba mkubwa Hans atatangaza nani anachukua kihamba chake. Nyumba, migomba, kahawa yote! Ni mimi au Joel, mtoto wa baba mdogo. Nimejitolea kutengeneza video ya Bibi, ukoo mzima uone nani alimtunza. Shida ni moja tu. Katika video zote alizopiga dada yangu Lilian, Joel ndiye anayembeba kwenye kiti, anayemlisha, anayemkata kucha. Mimi nimeshika mwavuli. Dawa yake ni kumfuta Joel.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeanza na programu ya bure. Imebandika jina la programu yenyewe usoni kwa Bibi. Nimejaribu kumkata Joel, ikabaki mikono yake, imeshika kijiko. Mikono bila mtu! Lilian kauliza kwa nini nisizionyeshe video kama zilivyo. Huyu hajui maisha.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshuka Ngarenaro kwa Prosper, fundi kompyuta. Ana programu inayofuta watu yenyewe. Unamgusa mtu, anaondoka. Akanisihi nihifadhi video za mwanzo pembeni, eti hii haina kurudi nyuma. Wivu tu.
Nimemgusa Joel. Kaondoka! Bibi anashuka njia ya hospitali kwenye kiti, kiti kinaelea juu ya majani, mimi pembeni na mwavuli wangu. Inapendeza. Nitaweka kwaya juu yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi amegeuza uso. Jana alitazama mbele, nina hakika. Leo anatazama pale alipokuwa Joel, na midomo inacheza. Nimezima sauti ya video. Sauti imeendelea. Anamwita Joel, taratibu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Nimeogopa, sikatai. Programu ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Kufuta nini, haikusema. Nikabonyeza ndiyo, ili yaishe.

Jumamosi, 9 Agosti
Shuka nyeupe ukutani, ukoo wote kwenye mabenchi. Video ikaanza. Joel! Yupo, kambeba Bibi, wanashuka. Juu yao mwavuli unakwenda peke yake. Hakuna aliyeushika.
Shangazi zangu wakalia. Baba mkubwa Hans akasema hiyo ni neema, Mungu mwenyewe alimkinga mama yao na mvua. Kihamba kapewa Joel. Nikasimama, nikapinga kwa sauti kubwa. Hakuna aliyegeuka. Joel akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama, akapita. Sikuhisi kitu.

Jumapili, 10 Agosti
Mama kaandaa chai, vikombe viwili, chake na cha Lilian. Nimempa shikamoo, hakuitikia. Labda ana hasira za kihamba. Kwenye picha ya kipaimara sebuleni wenzangu wote wapo, katikati pana pengo.
Nimekaa, nimefikiri sana. Kosa langu nimeliona. Nilichagua programu mbovu! Nasikia ipo nyingine, inaongeza watu. Kesho namfuata Prosper, akinisikia nikibisha hodi. Nikishajirudisha, namfuta Joel vizuri.