Upepo Kwenye Breki

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nchi nzima inapumzika, mimi nimedhalilishwa.

Jana nilimpeleka shemeji Theodori, kaka wa mke wangu aliyefikia kwetu, kuangalia ukumbi wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yetu Ester kabla ya harusi. Kwenye mteremko wa Nangara nikakanyaga breki. Gari likapiga kelele kama nguruwe, likavuta kushoto, likaingia shambani kwa watu. Shamba lenyewe limeshavunwa. Hakuna aliyeumia. Badala ya kumshukuru Mungu na dereva, Theodori amefika nyumbani na kutangaza mezani kwamba Jumamosi Ester atapanda gari lake, kwa kuwa lake lina breki.

Lina breki! Binti ni wangu. Anayempeleka ukumbini ni baba yake, kwenye gari la baba yake. Nilitafuna nyama nikanyamaza, naye akachukulia nimekubali.

Leo nikaenda kwa fundi Rashidi. Amelala chini ya gari, ametoka, amesema kalipa za mbele zimekwama zote mbili. Kumbe kalipa ndiyo ile mikono ya chuma inayobana diski ya tairi ili gari lisimame. Nafasi hana mpaka wiki ijayo. Nikamweleza kuhusu sendofu. Akanishauri nipande bajaji. Akacheka.

Mimi, afisa mifugo mstaafu, niliyezalisha ng'ombe wa nusu ya wilaya kwa mikono hii, nishuke kwenye bajaji mbele ya wakwe! Nitazifunga mwenyewe. Nimeshaangalia video kwenye simu. Kijana anayefundisha hata ndevu hana.

Jumanne, 8 Julai

Kalipa nilizoagiza jana kwa simu zimefika na basi kutoka Arusha. Za mtumba, lakini nzima. Nimepandisha gari kwa jeki, nimeweka magogo chini yake, nimetoa matairi. Bolti ya kwanza ilikataa. Nikaipaka mafuta, nikaipiga nyundo, nikaisema vibaya. Ikatoka pamoja na ngozi ya kidole gumba.

Theodori alikuwa kibarazani na kikombe. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia anywe chai. Akanywa mpaka jioni, akinitazama kama mtu aliyekata tiketi.

Haidhuru. Kalipa mpya ziko mahali pake, zinafanana kama mapacha. Kilichobaki ni kutoa upepo tu. Ukifungua mipira ya breki hewa huingia, na breki yenye hewa hukanyagika kama godoro. Basi mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine analegeza kiskrubu kilichopo kwenye kalipa, mafuta yanatoka na upepo wake, kiskrubu kinafungwa, pedali inaachiwa. Kazi nyepesi kwa watu wawili wanaopendana. Nitamtumia Mama Ester.

Jumatano, 9 Julai

Mama Ester hatumiki.

Nilimweka kwenye usukani vizuri kabisa. Mimi chini, na mpira wa dripu ya ndama, mali ya enzi zangu za kazi, ukitoka kwenye kiskrubu kuingia kwenye chupa. Nikisema shikilia, anaachia. Nikisema achia, anauliza niachie nini. Mafuta yakaniingia jichoni. Hapo nikapaza sauti kidogo. Kidogo tu, ile ninayotumia zizini.

Mlango ukafunguliwa. Akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Baba Ester, mimi si mtamba wako." Akaenda jikoni.

Nimepewa makande ya jana, ya baridi. Theodori amepashiwa ya kwake.

Alhamisi, 10 Julai

Nyumba nzima imekosa mguu wa kunikanyagia pedali! Ester yuko kwa fundi nguo. Mke wangu ananipitia kama nguzo ya umeme. Theodori nisingemwomba hata gari lingekuwa linawaka moto.

Aliyejitolea ni mama mkwe wangu, Bibi Eliakunda, aliyefika leo kutoka Dareda kwa ajili ya sherehe. Mzazi ana roho nzuri kuliko watoto wake wote. Lakini mama mkwe haamrishwi. Huwezi kulala chini, miguu nje, ukamwambia aliyekuzalia mke: kanyaga. Ikabidi niseme, "Mama, samahani, ukiweza, naomba ukanyage." Akakanyaga. Nikaanza kumwomba radhi ili niombe aendelee kushikilia, na kabla sijafika kwenye ombi lenyewe ameshaachia, anainama dirishani kuuliza nimesemaje, na kama nimekula.

Tukatafuta njia. Yeye aimbe pambio. Akianza ubeti anakanyaga, ubeti ukiisha anaachia. Hakuna amri, hakuna kukoseana adabu. Tukaenda nayo mchana kutwa. Majirani walidhani mkesha umeanza mapema. Wakati mmoja nilijisahau, nikainuka kuitikia, kiwiko kikagonga chupa ya mafuta mapya niliyoweka juu ya boneti, mafuta ya breki yakateremka mpaka mlangoni. Nikayafuta kwa kitambaa.

Na pedali? Godoro! Inazama mpaka chini vilevile. Nimenunua mafuta ya breki mara tatu. Theodori ameosha gari lake, analifuta vioo huku akipiga mluzi wa pambio letu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka nikiwa nimeshindwa. Sikumwambia mtu.

Asubuhi mzee Paskasi wa Mutuka akapiga simu. Ng'ombe wake amekula majani mabichi, tumbo limevimba kwa upepo, anakaribia kufa. Nikachukua sindano nene ya kutobolea, nikapanda bodaboda. Nikamkuta Paskasi amejishikia kisu, anataka kumtoboa ng'ombe chini ya tumbo. Nilimfokea. Nikamuuliza, tangu lini upepo ukateremka? Upepo hupanda juu. Unatoboa juu, ubavu wa kushoto, karibu na mgongo. Mtoto mdogo anajua. Nikatoboa. Upepo ukatoka kwa kishindo, ng'ombe akasimama, mke wa Paskasi akalia.

Nilirudi nikiwa nimevimba kwa sifa mwenyewe. Tulipokuwa tunapita mnadani nikapiga kelele, dereva akadhani nimedondoka. Kiskrubu cha kutolea upepo! Changu kinatazama chini! Kwenye kalipa zote mbili! Nimefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Siku zote hizi nilikuwa namtoboa ng'ombe tumboni.

Na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nilipolalamika, Theodori akasema aliona tangu Jumanne, ila alinyamaza kwa heshima. Heshima!

Nimezibadilisha. Mama mkwe hakufika hata nusu ya pambio. Pedali ikasimama ngumu kama jiwe.

Nikatangaza kwamba gari ni zima. Mama Ester, ambaye hakuwa amenisemesha tangu juzi, akatoka jikoni akifuta mikono. Akasema, "Kabla hujampakia mwanangu, nipakie mimi." Akapanda mbele. Nikampeleka kwenye mteremko uleule. Sikuwa naogopa. Mikono ilitokwa na jasho kwa sababu ya joto. Katikati ya mteremko nikakanyaga. Gari likasimama palepale, limenyooka, kimya. Tukakaa kidogo, ziwa liko mbele yetu. Akasema nirudi, ameacha nyama jikoni.

Leo nimepashiwa chakula.

Jumamosi, 12 Julai

Hii nchi haina shukrani.

Asubuhi wasichana wa kamati walikuja kufunga riboni kwenye gari langu. Mmoja akapitisha kitambaa chenye maji kwenye madigadi, lile bati la juu ya tairi, ili ling'ae. Rangi ikabaki kwenye kitambaa. Akapitisha tena, ikabanduka ngozi nzima, kutoka madigadi mpaka mlangoni, chuma kikabaki uchi. Theodori akafika mbio, kwa furaha isiyofichika, kueleza kwamba mafuta ya breki hula rangi. Kila mtu anajua. Kila mtu! Basi kila mtu alikuwa wapi Alhamisi?

Akatoa funguo zake mfukoni, akaanza kuhamisha riboni. Mke wangu akatazama chini. Mimi nilisimama na koti langu jipya na kucha zenye grisi.

Ester akatoka, ameshavaa. Alitazama mlango uliobanduka. Akatazama mikono yangu.

"Mjomba, wewe wapakie mama na bibi," akasema. "Mimi naenda na baba." Kisha akanigeukia: "Baba, ukifika, ule upande uliobanduka uegeshe ukutani."

Sina la kuandika kuhusu njia. Kulikuwa na vumbi, macho yaliniwasha. Mwanangu aliniambia niende taratibu, nikaenda taratibu.

Mlangoni pa ukumbi umati ulikuwa umejaa, wapiga tarumbeta mbele. Nikakanyaga. Likasimama kama limepigwa msumari. Halikulia, halikuvuta. Hakuna aliyeona! Breki mbovu zinajulikana Nangara nzima, breki nzima hazipigiwi hata kofi moja. Na MC, mbele ya wakwe, akamshukuru mjomba Theodori kwa kusimamia usafiri.

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka na hasira, lakini pia na wazo.

Fundi wa rangi mjini anataka gari likae kwake, na akataka kujua ni mjinga gani amelimwagia mafuta ya breki. Nimeondoka. Rangi ni kitu gani? Ni maji mazito. Na mimi nina pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe, ambayo nimeitumia kwa ng'ombe wengi kuliko magari yote aliyowahi kuyaona. Rangi nyeupe ipo, ilibaki tulipopaka geti. Video nimeshaitazama. Si yote, lakini nimeelewa inakoelekea.

Tahadhari moja tu. Siwezi kuanza na gari langu bila kujua pampu inatemaje. Mimi si mzembe. Lazima nijaribie kwanza pembeni.

Theodori amewapeleka wanawake kanisani kwa miguu, kunyoosha viungo. Gari lake liko uani, jeupe, safi, limeoshwa. Nitapaka mlango mmoja tu, wa nyuma. Wakirudi utakuwa umekauka.